Mama Daniel na Kilo za Subaru

Kahawa ikianza kuiva mpaka gunia la mwisho lipakiwe, Mama Daniel hanywi chai ya mtu. Ukimkaribisha atasimama nje ya mlango, atakusalimu vizuri, atakuulizia watoto na ng'ombe, halafu ataenda zake. Wageni hudhani ana maringo. Sisi wa Nkoaranga tunajua ni kazi. Yeye ndiye mpimaji wa chama chetu cha ushirika, na anasema mpimaji akishakunywa chai yako, siku utakayomletea kahawa isiyokauka ulimi wake utakuwa mzito.

Jina lake ni Elizabeth. Mimi ni Eunike, msaidizi wake. Nafunga magunia, nafagia ghala, na wakulima wakitaka kumtukana yeye hunitukana mimi kwanza ili wapashe koo. Niseme mapema kwamba nampenda, maana kuna mahali humu mtanisikia nikimlalamikia, nisije nikaeleweka vibaya.

Kahawa ya maganda haidanganyi mtu aliyeizoea. Mama Daniel huchota punje chache, anazitikisa karibu na sikio, anauma moja, na kama ina maji anakurudishia gunia lako ukaianike tena. Hajali wewe ni nani. Wifi yake, dada wa damu wa marehemu mumewe, alirudishwa na gunia lake mbele ya watu, akanuna mpaka Krismasi. Mzee wa kanisa naye alirudishwa. Tena uzito anautaja kwa sauti mara mbili, ili asiyesikia ya kwanza asikie ya pili. Na jambo moja halivunji kabisa: hapimi vya kwake. Siku ya kupima kahawa ya shamba lake, napima mimi, na yeye anatoka kwenda kusimama migombani nyuma ya ghala mpaka nimwite.

Sasa mtu wa namna hiyo aliingiaje kwenye mbio za magari? Aliingizwa na ugomvi wa watu wengine.

Huku chini, ukipita Usa River, kuna kiwanja cha zamani cha ndege ndogo zilizokuwa zikinyunyizia dawa mashamba. Ndege hazitui tena, lakini lami imebaki, ndefu na iliyonyooka. Vijana wa mjini walianzisha klabu na mbio wanazoziita dragi. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanaondoka kwa kasi, na atakayefika mwisho wa lami wa kwanza ameshinda. Hakuna kona. Mtu akipiga chafya, shindano limempita.

Utadhani mchezo mwepesi hivyo hauwezi kuleta kesi. Mwaka wa kwanza Subaru zilishinda kila kitu. Watu wa Toyota wakasema turbo, kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ni wizi. Kamati ikakaa, ikaamua Subaru yenye turbo ibebe mzigo wa ziada. Msimu uliofuata Toyota zikashinda, watu wa Subaru wakasema mzigo ni dhuluma, na kwamba Toyota nazo zimefungwa turbo kimyakimya. Kamati ikakaa tena, kilo zikahamia kwa Toyota. Hapo wale wale waliokuwa wakiimba kwamba mzigo ni haki wakagundua kuwa mzigo unauma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kuanzia hapo kilo zikawa zinahama kila msimu kama ng'ombe wanaofuata majani, na nyuma ya kila uamuzi kulikuwa na wenye maduka ya vipuri mjini, maana gari likishinda Jumamosi, Jumatatu vijana wanajaa kwenye duka linalouza vipuri vyake.

Klabu ilinunua mizani ya vibao vinne, kila tairi na kibao chake, na kioo kinachotoa namba. Lakini mizani haina mdomo, lazima asome mtu. Msomaji wa kwanza alikuwa fundi wa Toyota, akapigwa konzi. Wa pili alikuwa shemeji wa mtu wa Subaru, akakamatwa akiwanong'oneza wenzake kilo wanazoweza kupunguza. Mwenyekiti wa klabu, Mika, ni Mmeru mwenzetu, na baba yake alishawahi kurudishwa na Mama Daniel akiwa na gunia begani. Akawaambia wenzake, "Jamani, kule kwetu kuna mama mmoja. Mkimpata huyo, tutalala."

Mama Daniel alikubali, ila alitoa masharti. Kila gari lipimwe asubuhi kabla ya mbio, na baada ya fainali apimwe tena mshindi peke yake, asije akawa ametupa mzigo njiani. Na kuanzia kipimo cha asubuhi mpaka fainali iishe, mpimaji asizungumze na dereva yeyote, hata kumpa maji ya kunywa. Wakamkubalia yote. Ndivyo tulivyoanza kushuka mimi na yeye siku za mbio, yeye na kitenge chake cha kanisani, mimi na tambara la kufutia vibao.

Mwanawe wa pekee, Daniel, wakati huo hakuwa dereva. Alikuwa fundi kwenye gereji moja Sekei. Lakini fundi wa Subaru huwezi kumzuia, akili yake iko kwenye mguu wa kulia. Aliunganisha Impreza moja kutoka kwenye mizoga mitatu, akaipaka rangi ya buluu, akajiandikisha. Siku hiyo hiyo Mama Daniel alikwenda kwa Mika kujiuzulu. Alisema, "Mimi sipimi vya kwangu."

Pande zote mbili zilikataa kumwachia. Aliyekataa zaidi ni Muzammil, kijana wa Sokon One, dereva wa Altezza nyeupe na tegemeo la watu wa Toyota. Alimwendea mwenyewe. "Shikamoo mama. Mama, sisi tunakuomba. Tukikukosa wewe tunarudi kwenye makonzi. Mpime tu Daniel kama unavyonipima mimi."

Mama Daniel akarudi kwenye mizani, uso umemvimba kwa kununa. Kilichomsaidia ni kwamba Daniel alikuwa hashindi. Msimu wa kwanza alitolewa mapema, wa pili gia zilimkatalia, wa tatu akamfikia Muzammil kwenye fainali akaachwa. Asiyeshinda hapimwi mara ya pili, kwa hiyo mama na mwana hawakuwahi kutazamana mbele ya mizani baada ya fainali.

Msimu uliopita mambo yakabadilika. Kwanza klabu ilitangaza kwamba mwaka unaofuata magari ya zamani hayataruhusiwa, na Impreza ya Daniel ilikuwa ya zamani kuliko hata baadhi ya madereva. Pili, Jamaldini, mfanyabiashara wa magari mjini, alikuwa anaunda timu ya kwenda kushindana nje ya nchi, akasema mbele ya watu, "Atakayebeba ngao ya ubingwa mwaka huu, huyo ndiye dereva wangu. Nitamwajiri, nitampa gari." Daniel alijua maana yake. Akishinda anakuwa dereva wa kuajiriwa. Akishindwa anabaki chini ya magari ya watu, maana hatakuwa tena na gari linaloruhusiwa kumrudisha kwenye ule mstari. Usingizi ulimhama.

Halafu siku mbili kabla ya mbio, kamati ikakaa tena. Walikaa! Watu wa Toyota walikuwa wamelalamika wiki nzima, na uamuzi ukatoka kwamba Subaru zote ziongezwe kilo sitini. Mafundi wa Subaru wakakimbilia vyuma chakavu mjini, na Daniel, aliyekuwa akifunga injini siku nzima simu ikiwa mfukoni, akapata habari wakati vyuma vimekwisha. Alipokuja nyumbani Ijumaa alipita mtoni, akachota mchanga, akajaza viroba, akavifunga kwenye buti.

Mchanga wetu wa huku Meru mnaujua. Ni mweusi, mwepesi, umejaa matundu, na ukitoka mtoni unakuwa umebeba maji kama sifongo. Mtoto aliyekulia kwenye vichanja vya kahawa, anayegeuza maganda juani tangu hajaota meno ya pili, alikwenda kupima maji akidhani anapima mchanga. Haraka ilimtia upofu.

Jumamosi asubuhi alileta gari kwenye vibao. Akishuka huwa anamsalimia mama yake kama dereva mwingine yeyote.

"Shikamoo mpimaji."

"Marahaba. Kaa mbali na gari."

Mama Daniel akasoma uzito mara mbili. Ulikuwa sawasawa na sheria, hakuna kilo hata moja ya akiba ukiondoa mafuta yatakayoungua. Madereva wote hufanya hivyo, kwa sababu kilo ya akiba ni mzigo bure. Daniel akaingia, akaondoka, nami nikainama na tambara langu. Vibao viwili vya nyuma vilikuwa vimelowa.

Nilifuta kimoja. Mama Daniel akaniwahi, akapitisha kidole kwenye kibao cha pili, akakiangalia. Kilikuwa na chembe nyeusi. Kisha akainua macho kulitazama gari la mwanawe likielekea juani, maji yakidondoka chini ya buti, tone baada ya tone.

Hatukuhitaji kuambizana. Kahawa yenye maji ukiipima asubuhi na ukaiacha juani, jioni ni kahawa nyingine.

Nikasema, "Mama Daniel, ule mchanga..."

"Funga mdomo, Eunike."

"Namwambia mimi. Masharti yanakutaja wewe, hayanitaji mimi."

"Umekuja hapa na nani?"

"Na wewe."

"Basi wewe ni mimi."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nikamwambia huyo ni mwanao, umemzaa, anahitaji chuma kidogo tu aongeze, watu hata hawatajua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ingekuwa Altezza ya Muzammil ndiyo inayodondosha maji, ungekimbia kwenda kumwambia?"

Nisingekimbia. Ningekaa kimya, tena ningecheka.

"Haya," akasema. "Leta gari linalofuata."

Siku hiyo jua liliwaka kwa bidii. Meru yote ilikuwa wazi, hata wingu la kusingiziwa halikuwepo. Tulikaa chini ya turubai letu karibu na mstari, na Mama Daniel alikuwa na tumaini moja tu, kwamba asiyeshinda hapimwi. Daniel akishindwa, atarudi nyumbani na jina lake safi na mchanga wake hakuna atakayeuuliza. Akishinda, mama yake atampima.

Raundi ya kwanza alishinda. Ya pili alishinda tena, kwa mbali, mpaka watu wa Subaru wakaanza kuimba. Wanawake waliokuwa wakikaanga chipsi waliacha mafuta motoni wakaja kumpongeza mama yake. "Hongera Mama Daniel! Leo ni leo!" Yeye anaitikia asante, asante, na mkono umeng'ang'ania ukingo wa kiti. Nilimpa maji, akanywa kidogo akanirudishia.

Daniel aliposhinda nusu fainali, mama yake alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Eunike. Namwomba Mungu ashindwe."

Nikamtazama.

"Ashindwe vizuri. Aachwe tu nyuma, kama mwaka jana. Mungu ananisikia kweli nikiomba hivyo? Mama anaombaje hivyo?"

Nikamwambia Mungu anajua. Hasira yangu yote ilikuwa imekwisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa mshika tambara tu.

Fainali ilikuwa Daniel na Muzammil, Subaru na Toyota, na watu wakajipanga pande mbili za lami kana kwamba wamegawanywa kwa kamba. Altezza ikaja kwenye mstari, Impreza ikaja. Jamaldini alikuwa amesimama mwisho wa lami, kanzu yake nyeupe inaonekana kutoka kwetu. Daniel aligeuza kichwa, akatazama upande wa turubai letu. Mama yake alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nilimwona Daniel akimwona. Akatabasamu, akarudisha uso mbele.

Taa ikawaka.

Sijui magari, lakini nimekaa pale misimu mingi, najua mwondoko mzuri. Ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoona. Muzammil alichelewa sehemu ndogo sana ya sekunde pale mwanzoni, na ile Impreza ya mizoga mitatu haikumrudishia nafasi. Walifika mwisho gari la buluu likiwa mbele kwa boneti zima. Upande wa Subaru ukapasuka kwa kelele. Mama Daniel akafumbua macho, akasikiliza ni upande gani unaopiga kelele, akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Lete tambara," akaniambia.

Daniel alirudi akiwa amekaa juu ya dirisha la gari lake, wenzake wanalisukuma, Jamaldini anatembea pembeni amemshika bega. Daniel akashuka, gari likapandishwa kwenye vibao. Watu wakanyamaza kwa heshima tu, maana kila mmoja alishajua jibu.

Mama Daniel alikitazama kioo. Kisha akasoma kwa sauti yake ile ya ghalani, "Pungufu kilo tisa." Akavuta pumzi. "Pungufu kilo tisa."

Ilichukua muda watu kuelewa. Mika akaja mbio, akainama sikioni kwake, lakini nilimsikia. "Mama, labda vibao havijakaa sawa. Hapa pana mteremko."

"Pima tena," akasema Muzammil naye, kofia ya chuma mkononi. Alikuwa na haki ya kunyamaza, na hakunyamaza. "Mama, pima tena, hatuna haraka."

Vibao vikahamishwa, vikasawazishwa, gari likapandishwa upya. Zilikuwa kilo tisa zile zile. Alizisoma mara mbili tena, kana kwamba ni gunia la wifi.

Daniel alifungua buti. Akaingiza mkono kwenye kiroba, akautoa, na mchanga ukamwagika vidoleni mwake mkavu kabisa. Watu wa Subaru walianza kupiga kelele, mmoja akapaza sauti kwamba huyu ni mama gani, mama gani anamchinja mwanawe hadharani. Nikamjibu, na nilichomjibu hakifai kuandikwa na mtu anayeimba kwaya. Daniel akainua mkono kuwatuliza.

Akasema, "Acheni. Mzigo ni wangu, nimeufunga mimi."

Ngao ikaenda kwa Muzammil. Aliipokea bila kuruka, akaja akamshika Daniel mkono, wakaongea kidogo vichwa vimekaribiana. Jamaldini alisubiri wamalize, akampa Daniel pole ya kiungwana, kisha akaondoka na Muzammil. Neno lake alilisema mbele ya watu, asingeweza kuligeuza, na sidhani alitaka.

Tulirudi nyumbani na Impreza ile ile, kama kawaida yetu. Mama Daniel mbele, mimi nyuma na vibao vya mizani vimenibana miguu. Barabara kuu yote nilikuwa nikiwaza kwamba sasa Mama Daniel atamwambia mwanawe habari ya yale maji, kwamba mtu wa namna yake hawezi kukaa na neno la asubuhi mpaka usiku. Tukaacha lami, tukaanza kupanda kuelekea Nkoaranga, gari likilia kwa gia ndogo, migomba pande zote.

"Mama," Daniel akasema.

"Naam, baba."

"Pale kwenye mstari wa fainali nilikuona unaomba."

Mama Daniel hakugeuka.

"Siku zote huwa unakaa tu, unatazama kama hunijui. Leo nikakuona umefumba macho. Nikasema moyoni, leo mama yangu ananiombea, leo siachwi. Ndiyo maana niliondoka vile." Akabadilisha gia. "Uliniombea nini?"

Nimefanya kazi na mwanamke huyu tangu sijaolewa. Nimemwona akimwambia mchungaji kahawa yake ina maji. Nimemwona akisoma kilo zinazowaliza watu, na leo nilimwona akizisoma za mwanawe mara nne. Hajawahi kuongeza wala kupunguza.

"Niliomba ushinde, mwanangu," akasema.

Daniel akaitikia kwa kichwa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akacheka kidogo.

"Basi Mungu alikusikia. Si nilishinda? Mchanga ndio ulioshindwa."

"Alinisikia," akasema Mama Daniel.

Mkono wake ulikuwa kwenye kitenge, unakikunja na kukikunjua. Niligeuza uso dirishani, nikatazama mashamba ya watu mpaka tukafika.